Moshi wa Jumamosi

Bwaise, Kampala
11 Aprili 1991

Shangazi yangu Nakhisa,

Nakusalimu kutoka upande huu wa mpaka. Sisi tupo. Moreen anakusalimu sana, na watoto wote watatu, hasa yule mwenye jina lako, ambaye amekuwa mbishi hadi nimeanza kuamini kwamba jina hurithisha tabia. Karakana yangu ya Katwe inaendelea. Kila mtu Kampala sasa anataka mlango wa chuma, maana vita vimekwisha lakini wezi hawakuambiwa. Mvua imeanza. Bwaise uliiona ulipokuja kumzika Baba, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mvua ikianza huku ni nini.

Sasa jambo lenyewe. Nimeona nyumba.

Iko Ntinda, mahali pa juu ambapo maji hayawezi kusimama hata yakiombwa. Nilikwenda kupima madirisha ya mteja, nikaiona ng'ambo ya ua wake: nyumba ya matofali, vyumba vinne, mabati yameshika kutu lakini yamekamilika. Haina mlango hata mmoja. Palipokuwa na mlango wa mbele pameegemezwa ubao. Nilikuwa bado nimesimama pale dalali akanifikia kama nzi afikaye kwenye kidonda.

"Ssebo, bwana, unapenda hiyo? Hiyo haina mwenyewe."

"Kwani ilijijenga?"

"Wenyewe walikuwa Wanubi. Walikimbia sabini na tisa, serikali yao ilipoanguka. Wewe leta kitu kidogo, mimi natengeneza karatasi."

"Unatengeneza karatasi, au unatengeneza mwenye nyumba?"

"Nyinyi Wakenya mnapenda shida," akasema, akaondoka akicheka.

Shangazi, unanijua. Naweza kusamehe mlevi na mwizi wa kuku, lakini maneno hayo mawili, "haina mwenyewe", yanachemsha damu yangu. Nchi hii imeporwa mara ngapi kwa maneno hayo? Kila serikali iliyoingia kwa bunduki ilikuja na wakimbizi wake na warithi wake. Wakimbizi walibeba magodoro, warithi wakabeba milango. Halafu mrithi huyo huyo hukaa sebuleni mwa mwenzake akikuhubiria amani. Mimi sitaingia nyumba kwa mlango huo. Nataka kununua kwa mwenyewe, uso kwa uso, na anitajie bei yake.

Majirani wanasema ilikuwa ya Abdul-Karim, fundi wa magari ya jeshi, na mkewe Maimunah. Wewe unaishi Kibera katikati ya Wanubi na unauza samaki wako pale sokoni Makina miaka yote hii. Tafadhali uliza.

Kitu kimoja kinanisumbua. Nilisogeza ubao nikachungulia. Dari iliibwa zamani, kwa hiyo mbao za paa zinaonekana. Nyumba iliyokaa tupu miaka kumi na miwili, mchwa wangekuwa wameshamaliza paa lile na kuhamia kwa jirani. Mbao zile ni nzima, nyeusi tititi, zinang'aa kama chungu cha zamani. Na uwanja umefagiwa.

Mwana wa kaka yako, mwenye upendo na ubishi ule ule,
Wandera


Kibera, Nairobi
20 Mei 1991

Mwanangu Wandera,

Barua yako imefika, imechelewa, bahasha imelowa kona moja. Mimi ni mzima. Mguu unauma asubuhi, ukipata jua unaacha. Samaki kutoka Kisumu wamekuwa wadogo na bei imekuwa kubwa, lakini wateja wangu ni walewale. Yule jirani yangu wa sokoni auzaye maandazi, ambaye huniwekea mawili kila asubuhi, anaendelea vizuri.

Kuhusu hao watu wako, nimeuliza. Akina Maimunah hapa ni wengi. Wengine walitoka Uganda, wengine walizaliwa hapa, na wengi hawapendi kuulizwa mambo ya zamani. Usiwe na haraka.

Nani alikuruhusu kuchungulia ndani ya nyumba ya watu? Na uwanja unafagiwa na nani? Mtu anayefagia hujamtafuta, umekimbilia kutafuta aliye mbali.

Moreen hajambo? Mwambie ile dawa ya kikohozi niliyomtumia mtoto asiichanganye na sukari.

Shangazi yako,
Nakhisa


Bwaise
24 Juni 1991

Shangazi,

Salamu. Sisi tunaendelea. Watoto hawajambo, kikohozi kimepungua. Bwaise mwezi wa tano ilikuwa bahari, lakini yamekwisha. Binamu yangu Okinyi amepata kazi ya kuendesha lori la saruji na tayari anatembea kama waziri.

Umenipiga bakora na nilistahili. Nimemtafuta anayefagia.

Jumamosi moja nilikuwa kwa yule mteja wangu nikifunga vyuma vya dirisha, nikaona moshi ukitoka katika paa la nyumba ile, si mwingi, kama wa mama mmoja anayepika. Nikavuka. Ndani, katikati ya sebule isiyo na kiti, mwanamke wa makamo amechuchumaa anachochea kuni kwenye mafiga matatu. Juu ya moto hapakuwa na sufuria.

"Wewe nataka nini hapa?" akaniuliza kabla sijafungua kinywa.

"Natafuta mwenye nyumba, mama."

"Mwenye nyumba hayupo. Amesafiri."

"Tangu lini?"

"Sabini na tisa."

Alisema hivyo bila kutabasamu, kama mtu anayesema mwenzake amekwenda sokoni na atarudi kabla ya chakula. Nikamuuliza anapika nini.

"Hapana pika. Naonyesha nyumba moto. Mchwa hapendi moshi, na nyumba hapendi baridi. Wewe mwanaume mzima hujui hiyo?"

Anaitwa Amito. Ni Mwacholi, mjane, anauza siagi ya karanga na simsim, nyumba yake iko nyuma ya hii. Maimunah alipokimbia alimwachia ufunguo na neno moja: washa moto kila wiki mpaka nirudi. Wiki hiyo hiyo waporaji walibeba milango, dari, hata bomba la maji. Amito akabaki na ufunguo wa mlango usiokuwepo. Anao mpaka leo, shingoni, kwenye uzi pamoja na msalaba wake. Na kila Jumamosi amewasha moto.

Fikiria, Shangazi. Waliokuja na serikali mpya walimwita Amito mshindi, kwa sababu ya kabila lake. Angeweza kuhamia ndani siku ile ile na watu wangempigia makofi. Hakuhamia. Miaka ikapita, themanini na sita serikali nyingine ikaingia, upepo ukageuka, watu wa kwao ndio wakaanza kutazamwa vibaya mjini. Ndugu zake wakamwambia rudi kaskazini. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akaniangalia kama mjinga.

"Nikienda, nani atawasha?"

Magazeti yetu yamejaa mijadala ya wasomi kuhusu jinsi ya kujenga taifa upya. Mimi nawaandikia barua za hasira na hawazichapishi. Sasa nimepata hoja ambayo hawataijibu: serikali zote zile zilipita mbele ya nyumba moja Ntinda, hakuna iliyoilinda, na imesimama. Nataka waje wamtazame mwanamke huyu, kisha wakae kimya kidogo.

Nilimuuliza kwa nini anamfanyia hivi mke wa askari wa utawala ule, utawala uliowamaliza watu wake. Akasema, "Nilipewa ufunguo," akaanza kufagia majivu kuelekea miguuni mwangu mpaka nikatoka.

Mwambie Maimunah, ukimpata, kwamba kawa yake nyekundu ya kufunikia chakula, aliyoisuka mwenyewe, bado imetundikwa ukutani. Amito ametaka aambiwe hivyo. Bei bado naihitaji. Najua mtu akiambiwa nyumba yake ni nzima hatauza kwa bei ya gofu, lakini sitaki nyumba niliyoipata kwa kuficha moshi.

Wandera


Kibera
19 Agosti 1991

Mwanangu Wandera,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma, ingawa najua utakasirika.

Mwenye nyumba ni yule jirani yangu wa maandazi. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, nilipofika kwenye jina la mumewe. Miaka minane tumekaa bega kwa bega pale Makina.

Sikukuambia kwa sababu aliwahi kuniambia kwamba nyumba yao ya Kampala iliungua. Ndivyo alivyowaambia watoto wake pia. Mwaka wa kwanza walikuwa wakilia kila jioni wakiuliza watarudi lini nyumbani, Abdul-Karim yuko kitandani anakufa, chakula hakuna. Siku moja akawaambia habari zimekuja, imeungua yote, hakuna pa kurudi. Wakalia siku hiyo, hawakulia tena. Sasa ni watu wazima. Mimi ni nani nimwendee na kumwambia moto wako haukuwaka?

Lakini ulipoandika habari za Amito sikuweza tena kunyamaza. Nilimsomea barua yako pale pale sokoni. Akasema, "Nakhisa, mimi sina nyumba Kampala." Akafunika maandazi yake, akaenda. Hakurudi sokoni wiki nzima, wateja wakawa wananiuliza mimi.

Aliporudi alikaa, akaniwekea mawili yangu kama kawaida. Kisha akauliza, "Huyo mtoto wa kaka yako amesema moshi unatoka siku gani?"

"Jumamosi."

Akapiga paja. "Nilimwambia Ijumaa! Amito huyo! Hata simsim nilikuwa namwambia kaanga kidogo, anakaanga mpaka inakuwa makaa." Akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hakuyazuia.

Kuhusu kuuza, hajasema neno, na mimi sikumuuliza.

Sasa mimi nakuuliza wewe. Barua yako ya kwanza Moreen alinisalimu. Ya pili hakunisalimu. Unasema watoto hawajambo, humtaji mama yao. Unaandika "sisi tunaendelea". Sisi nani?

Shangazi yako


Bwaise
9 Septemba 1991

Shangazi,

Sisi ni mimi na jiko la mchina.

Moreen aliondoka mwezi wa tano. Maji yaliingia yakafika kwenye kitanda, yakiwa yamepitia vyoo vya jirani wote walio juu yetu. Yule mwenye jina lako alikohoa mpaka akawa hawezi kulia. Moreen aliwabeba watoto akaenda kwa mama yake Busia, na alisema mlangoni, taratibu, bila matusi: "Ukipata mahali pakavu utatuita. Usituite kabla." Sikukuandikia kwa sababu mtu anayewafundisha mawaziri kazi kila wiki anaona haya kusema ameshindwa kuwaweka watoto wake pakavu. Sasa unajua kwa nini naitaka nyumba ile, na kwa nini sikukupigia kelele uliponificha mwenye nyumba. Tumefichana sawasawa.

Sikiliza yaliyotokea Jumanne iliyopita. Dalali alirudi Ntinda na vijana wawili wenye nyundo na karatasi yenye mhuri. Amepata mnunuzi asiyeuliza maswali. Mteja wangu akaniletea habari Katwe, nikaenda mbio nikiwa na aproni ya kazi. Nilikuta Amito ameketi kizingitini, mafiga yamewashwa nyuma yake, moshi umejaa kama siku ya arusi.

"Mama, leo si Jumamosi," nikamwambia.

"Leo ni siku ya wezi. Inataka moto mwingi."

Dalali akamtikisia karatasi yake. "Wewe mama una nini? Uko na karatasi?"

"Mimi niko na ufunguo."

"Ufunguo wa wapi? Mlango uko wapi?"

"Na mwenyewe aliyekuuzia wewe yuko wapi?"

Majirani walikuwa wameshatoka. Mmoja akacheka, kisha wengine, na kicheko cha ujirani kikimshika mtu wa namna ile hakimwachii. Mimi nami nilihutubia kidogo. Amito anasema nilihutubia sana. Waliondoka wakisema watarudi.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Nilichukua chuma bora nilichokuwa nacho karakanani nikaunda mlango wa mbele. Kisha nikamwendea Opio, fundi wa vitasa hapa Katwe, nikamwomba kitu ambacho mafundi hawaombwi: asiunde ufunguo wa kufuata kitasa, aunde kitasa cha kufuata ufunguo. Alinitukana kwanza. Amito alikuja mwenyewe na ufunguo, akakataa kuuvua shingoni, basi Opio akapima ameinama mbele ya kifua cha mama wa watu, huku akiomba radhi kila mara. Kitasa kinafunga. Nimeiwekea mlango nyumba isiyo yangu, na nadhani kwa mkono wangu mwenyewe nimejifungia nje. Sijutii. Andika kwamba nimesema sijutii, maana kesho naweza kukana.

Mwambie mwenye nyumba anitajie bei, au aniambie hapana. Nitasikia yote mawili.

Wandera


Kibera
11 Novemba 1991

Mwanangu,

Nimefurahi umesema ukweli. Moreen alikuwa ameniandikia tangu Juni. Nilikuwa nangoja uniambie wewe.

Maimunah amewaambia watoto wake kwamba nyumba haikuungua. Kamis, mwanawe mkubwa, alinyanyuka na kutoka, na kwa muda mrefu alikuwa akija kula kwa mama yake bila kusema naye. Kijana wa watu alikuwa na miaka tisa walipokimbia. Siku moja akauliza tu, "Kawa nyekundu ipo kweli?" Hapo ndipo wakaanza kuzungumza.

Sasa lile ulilomuuliza Amito akakufagilia majivu. Maimunah amenieleza. Mwaka wa sabini na saba mume wa Amito, Obonyo, alichukuliwa na watu wa serikali na hakurudi. Ilibaki Amito achukuliwe. Maimunah alimfungia katika chumba cha akiba, ndani ya nyumba ya askari, mahali ambapo hakuna askari angefikiria kumtafuta. Alikaa humo majuma mengi. Abdul-Karim alijua. Kila jioni alikula upande wa pili wa ukuta, akabakiza nyama kwenye sahani, na kumwambia mkewe, "Hii nimeshindwa, itafutie mtu." Hakuwahi kuuliza mtu gani. Maimunah anasema hakumpenda mumewe siku ya arusi. Alimpenda kwa ajili ya sahani ile.

Hauzi. Nimemwambia wazi kwamba una watoto na kwamba wamekimbia maji. Akasema, "Nimesikia." Atakuja mwezi ujao na binti yake Lailah. Wapokee kwenye basi, na usiwahutubie njiani.

Nakhisa


Ntinda, Kampala
20 Januari 1992

Shangazi yangu,

Soma anwani hapo juu mara mbili, kisha uendelee.

Niliwapokea kama ulivyoniagiza. Njia nzima Maimunah alikumbatia kikapu chake. Tulipofika, Amito alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu wa chuma, amevaa gauni la kanisani. Nilitegemea vilio. Maimunah alisimama hatua chache kutoka kwake akamtazama juu na chini.

"Nilikuambia Ijumaa."

"Ijumaa ilikuwa siku yenu," Amito akajibu. "Moshi ukitoka Ijumaa, wangesema Wanubi wamerudi, wangechoma. Jumamosi walidhani ni mimi nakaanga simsim."

Tangu umsomee barua yangu, Maimunah alidhani rafiki yake alisahau siku, na rafiki yake alikuwa amefikiri kuliko majenerali wote wa nchi hii. Ndipo Amito akauvuta ule uzi shingoni, akautenganisha ufunguo na msalaba, akamkabidhi. Maimunah akauingiza kitasani. Nilifumba macho, Shangazi, nilimkumbuka Opio na matusi yake. Ukageuka. Akaingia, akatazama juu kwenye zile mbao nyeusi, akagusa kawa ukutani, na hapo ndipo vilio vilipokuja. Mimi na Lailah tulitoka nje tukajifanya tunakagua mabati.

Baada ya chakula aliniita. "Wandera, wewe ndiye ulitaka kununua?"

"Ndiyo, mama."

"Siuzi. Hata nikifa Kamis hatauza, nimemwapisha." Nikaitikia. "Lakini Lailah na mimi tutalala vyumba viwili. Vile viwili vya nyuma vikikaa vitupu, mchwa atavila. Mwite mke wako. Kodi utalipa kama mpangaji yeyote, sikupi sadaka. Na bomba liliibwa. Utaweka jingine."

Basi sijanunua hata tofali. Nyumba niliyotaka kuimiliki ninaipanga, na yule dalali akinikuta njiani ananicheka: nyumba ilikuwa mkononi mwangu nikaenda kuitafutia mwenyewe. Acha acheke. Nimempata jirani aliyelinda nyumba ya mwenzake mbele ya serikali zote zile, na mwenye nyumba aliyemficha mtu ambaye angeweza kufa naye. Kwa kodi ile ile ya Bwaise, nakaa kati ya watu wawili wa namna hiyo. Nionyeshe waziri anayekaa pazuri kuliko mimi.

Jumamosi iliyopita Amito alikuja na kuni zake kichwani kama kawaida. Nyumba ilikuwa imejaa: Lailah anapika, watoto wanakimbizana, redio inasema. Alisimama mlangoni, kuni bado kichwani, kama mtu aliyekosea nyumba. Alikuwa ameona kwamba kazi yake imekwisha.

Maimunah akainua sufuria ya Lailah, akaiweka chini. Akasogeza watoto. Akavuta kuni zilizokuwa zikiwaka, mafiga yakabaki matupu.

"Ingia uwashe," akamwambia. "Leo ni Jumamosi."

Moreen anakusalimu. Yuko hapa, ananisomea begani, na anasema nimeandika mengi mno.

Wandera